Kunasa na Kunasua: Istilahi za Kemia ya Elementi Haba katika Mashapo, kutoka Sakafu ya Bahari hadi Bonde la Mto Simiyu

Ikisiri

Mijadala ya istilahi za sayansi katika Kiswahili imejikita zaidi katika nomino, yaani majina ya vitu. Makala haya yanaeleza kemia ya elementi haba katika mashapo, kuanzia sakafu ya bahari kuu hadi bonde la Mto Simiyu na Ghuba ya Speke, na kuonesha kwamba kiini cha taaluma hiyo ni matukio: metali hunaswa, hufungama, hunasuka na kusafiri. Hoja kuu ni kwamba neno madini, ambalo ndilo hutumika zaidi katika mawasiliano ya umma, huficha tofauti tatu ambazo ndizo huamua usalama au hatari ya mashapo. Kwa upande mwingine, unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili, hasa kauli ya kutendua na kauli ya kutendama, huzieleza tofauti hizo kwa usahihi. Makala yanapendekeza kwamba istilahi za taaluma hii zijengwe juu ya mizizi ya vitenzi, na kwamba majina ya udongo ya Kisukuma yapewe nafasi katika maelezo yanayowahusu wakazi wa Simiyu.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Unajulikana kwa kilimo cha pamba na kwa uhaba wa maji. Mto unaoupa mkoa jina lake, pamoja na vijito vyake ukiwemo Mto Duma, hukusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 11,000, kuanzia upande wa mbuga za Serengeti, na kuyamwaga katika Ghuba ya Speke wilayani Magu, mkoani Mwanza. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya mto hubaki mchanga mkavu. Masika inapofika, maji hushuka yakiwa na rangi ya udongo wa mashamba yaliyo juu.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha ufadhili wa mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega na kuyapeleka katika wilaya nyingine za mkoa huo. Kwa hiyo, udongo wa Simiyu huenda ziwani kwa njia ya mto, na maji ya ziwa hurudi Simiyu kwa njia ya bomba. Swali la nini kimo ndani ya tope la ghuba, na kama kilichomo hubaki humo au hurejea majini, linamhusu mwanakemia, na linamhusu pia kila mwenye ndoo.

Majibu ya swali hilo huandikwa kwa kawaida katika Kiingereza. Utafiti wa Kishe na Machiwa kuhusu metali nzito katika mashapo ya Ghuba ya Mwanza, uliochapishwa mwaka 2003, ni mfano mmojawapo. Maarifa ya namna hiyo yanapovuka kuingia katika Kiswahili cha mikutano ya vijiji, redio na ripoti za miradi, aghalabu huvukia kwenye neno moja tu: madini. Makala haya yanachunguza kinachopotea katika kivuko hicho, na nyenzo ambazo lugha yenyewe inazo za kukiokoa.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Elementi haba

Elementi nane, zikiwemo oksijeni, silikoni, alumini na chuma, huchukua zaidi ya asilimia 98 ya uzito wa gamba la dunia. Zinazobaki hugawana kiasi kidogo kilichosalia, na nyingi hupimwa kwa miligramu katika kilo moja ya mwamba au tope. Kwa desturi, elementi iliyo chini ya miligramu 1,000 kwa kilo, yaani asilimia 0.1, huhesabiwa kuwa haba. Nikeli, kobalti, shaba, zinki, risasi, kadimi, zebaki na kromi kwa kawaida huwa katika kundi hili. Uhaba huo ni wa uhusiano, si tabia ya kudumu ya elementi yenyewe: chuma ni tele katika tope la ziwa, lakini ni haba mno katika maji ya bahari ya juu, kiasi cha kuzuia ukuaji wa viumbe vidogo katika sehemu kubwa ya Bahari ya Kusini.

Uteuzi wa kivumishi katika istilahi hii una uzito wake. Elementi ndogo humfanya msomaji adhani kwamba atomi zake ndizo ndogo, ilhali atomi ya risasi ni kubwa na nzito kuliko ya chuma. Elementi za ufuatiliaji ni tafsiri iliyokosea mlengo, kwa sababu neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana ya alama inayofuatwa na pia maana ya kiasi kidogo mno, na hapa ni maana ya pili inayohusika. Adimu nalo limekwisha kushikwa na kundi jingine la elementi, lile linalotumika katika sumaku na vifaa vya kielektroniki. Haba linabaki kuwa chaguo bora. Linataja kiasi bila kutaja ukubwa wa atomi, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili linabeba fununu ya mrundikano, kwani haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo zebaki inavyofanya katika mwili wa samaki mla samaki.

2.2 Mashapo

Mashapo katika matumizi ya kawaida ni masalia yanayotuama chini ya chombo cha mafuta, kahawa au kinywaji. Jiolojia imelitanua neno hilo likahusu kila chembe inayozama na kutulia chini ya maji: mchanga, udongo mfinyanzi, mabaki ya mimea na magamba ya viumbe. Utanuzi huo umefanyika bila kuvunja maana ya awali, jambo ambalo ni sifa ya istilahi njema. Hata hivyo, mkazi wa Bariadi ana neno la karibu zaidi katika maisha yake, yaani mashudu, makapi ya mbegu za pamba baada ya kukamuliwa mafuta, ambayo hulishwa mifugo. Ukaribu wa sauti na wa maana kati ya maneno haya mawili unaweza kumpotosha msikilizaji. Anayefundisha au kuhubiri kuhusu mashapo mkoani Simiyu hana budi kuyatofautisha tangu mwanzo: mashudu hukamuliwa, mashapo hutuama.

3.0 Safari ya Metali: Bahari Kuu, Vilima vya Dutwa na Ghuba ya Speke

Katika safari yake ya mwaka 1872 hadi 1876, meli ya utafiti ya Uingereza iitwayo Challenger ilivua kutoka sakafu ya bahari kuu mawe meusi ya mviringo, mengi yakiwa na ukubwa wa kiazi. Mawe hayo hujengwa na oksidi za manganizi na chuma, tabaka juu ya tabaka, kwa kasi ya milimita chache tu katika miaka milioni moja. Ndani yake mmejaa nikeli, shaba na kobalti kwa viwango vinavyopita mno vile vya maji yanayoyazunguka. Sababu ni kwamba chembe za oksidi ya manganizi zina nyuso pana zenye chaji hasi, na ioni za metali zina chaji chanya. Metali ipitayo karibu hunaswa juu ya uso wa chembe, na kwa muda hufungiwa ndani ya fuwele inayokua.

Kemia hiyohiyo inaonekana mamia ya kilomita kutoka pwani. Katika vilima vya Dutwa wilayani Bariadi na Ngasamo wilayani Busega kuna miamba ya kale yenye magnesi na chuma kwa wingi, ambayo imeoza kwa muda mrefu chini ya jua na mvua za tropiki. Maji yaliondoa magnesi, chuma na nikeli vikasalia, na mabaki hayo yamevutia watafutaji wa nikeli. Katika mabaki ya miamba ya aina hii, kobalti hukutwa zaidi pamoja na oksidi nyeusi za manganizi. Mtego ni uleule wa sakafu ya bahari, ingawa huku umetegwa na mvua juu ya kilima, na kule na maji ya chumvi yenye kina cha maelfu ya mita.

Tofauti kati ya bahari na ziwa huanza mtego unapovunjika. Mashapo yanapofukiwa na mashapo mengine, bakteria hutumia oksijeni iliyomo hadi ikaisha. Kisha hutumia nitreti, halafu oksidi za manganizi, halafu oksidi za chuma, na baadaye salfeti. Oksidi zinapoyeyuka, metali zilizokuwa zimeshikwa nazo hunasuka na kuingia katika maji yaliyo kati ya chembe. Baharini, ambako kila lita ina takriban gramu 2.7 za salfeti, bakteria hutengeneza salfidi kwa wingi, nayo huzidaka tena shaba, zinki, kadimi na risasi katika umbo lisiloyeyuka kwa urahisi. Mtego wa kwanza ukifunguka, wa pili hujifunga. Ziwa Victoria lina salfeti kidogo sana, na kwa sababu hiyo mtego wake wa pili ni dhaifu. Aidha, maeneo ya kina cha ziwa yanayokosa oksijeni yamepanuka tangu miaka ya 1960, kutokana na rutuba inayoingia kutoka nchi kavu. Hali ya maji yaliyo juu ya mashapo ni sehemu ya habari ya mashapo yenyewe.

Zebaki ina kanuni yake. Hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa kukamata vumbi la dhahabu, na sehemu yake huishia hewani, katika udongo na katika mito. Ikifika katika tope lisilo na oksijeni, baadhi ya bakteria huweza kuigeuza kuwa methilizebaki, umbo linaloingia katika miili ya viumbe na kuongezeka kila kiumbe kimoja kinapoliwa na kingine. Ugonjwa uliotambuliwa mjini Minamata, Japani, mwaka 1956 ulitokana na umbo hili, si na zebaki ing'aayo ya ndani ya kipimajoto. Vipimo viwili vya tope vyenye kiasi sawa cha zebaki vinaweza, basi, kuwa na hatari zisizolingana kabisa.

4.0 Neno Madini na Tofauti Tatu Zinazofichwa

Kutokana na maelezo hayo, anayezungumzia elementi haba katika mashapo anahitaji kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni elementi na madini: kromi ni elementi, ilhali kromaiti, ambamo kromi imo pamoja na chuma na oksijeni, ni madini. La pili ni umbo la kikemia: zebaki na methilizebaki, au kromi ya chaji tatu, isiyoyeyuka kwa urahisi, na kromi ya chaji sita, inayoyeyuka na kudhuru. La tatu ni kuwapo na kupatikana: metali inaweza kuwamo katika tope bila kiumbe yeyote kuifikia.

Neno madini, lenye asili ya Kiarabu, halitofautishi lolote kati ya hayo. Katika jina la Wizara ya Madini linahusu rasilimali za ardhini. Katika kliniki ya wajawazito, madini ya chuma ni kirutubisho. Katika kampeni za afya nchini Tanzania, iodini huitwa madini joto, ingawa si metali, na chumvi yenye madini joto husifiwa kuwa kinga ya tezi la shingo. Katika taarifa za mazingira, madini mazito ni sumu. Matumizi yote haya ni halali katika nyanja zake. Tatizo hutokea nyanja zinapokutana.

Chukuliwe sentensi ya kubuni: Madini yamegundulika katika tope la ghuba. Kijana aliyewahi kufanya kazi machimboni ataisikia kama habari ya fursa. Mama aliyepewa vidonge vya madini ya chuma anaweza kuisikia kama habari njema ya afya. Mtaalamu aliyeitamka alikusudia onyo. Hakuna kati yao aliyekosea Kiswahili. Sentensi yenyewe haikusema ni elementi gani, iko katika umbo gani, na kama imeshikwa au imeachiwa.

Baadhi ya majina ya metali yana ugumu wa namna nyingine. Risasi ni metali na pia ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Bati kwa wengi ni paa la nyumba. Fedha ni sarafu kabla ya kuwa elementi. Majina yaliyotoholewa, kama nikeli na kobalti, hayana mzigo huo, ila tahajia yake huyumba: kadimi na kadimiamu, kromi na kromiamu hutumika sambamba. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, iliweka msingi muhimu wa majina katika masomo hayo matatu. Hata hivyo, orodha ya majina, hata ikikamilika, haitatosha kueleza kwamba metali ileile imebadili hali.

5.0 Nyenzo za Kitenzi

Eugen Wüster, mmoja wa waasisi wa nadharia ya istilahi katika karne ya 20, alianza na dhana na kudai kila dhana iwe na istilahi yake moja. Msimamo huo huelekea kuipa nomino kipaumbele. Katika kemia ya mashapo, hata hivyo, dhana zenyewe ni matukio yanayotendeka na kutenduka, na hapo mfumo wa unyambulishaji wa Kiswahili una manufaa ya pekee.

Mzizi nas- unatosha kuonesha jambo hili. Chembe ya udongo hunasa metali, na metali hunaswa, kwa kauli ya kutendwa inayomtambua mtendaji. Metali fulani hunasika kwa urahisi kuliko nyingine, na hapa kauli ya kutendeka inaeleza uwezekano, yaani tabia ya elementi yenyewe. Kauli ya kutendua inatoa nasua: asidi huinasua metali kutoka katika chembe. Nasuka inaeleza metali inayoachia bila mtendaji kutajwa, kama inavyokuwa oksijeni inapokwisha. Kutokana na vitenzi hivi hupatikana unasaji, unasuaji na unasukaji, nomino tatu zenye uhusiano ambao mwanafunzi anauona bila kufafanuliwa.

Mzizi fung- unaongeza kile ambacho nas- haina. Mbali na funga, fungua na funguka, upo mnyambuliko wa kauli ya kutendama: fungama. Kauli hii, inayoonekana pia katika gandama, fichama na kwama, hueleza hali ya kukaa katika mkao fulani baada ya tendo kukamilika. Metali iliyonaswa imeshikwa juu ya uso wa chembe, na badiliko dogo la asidi au chumvi laweza kuiachia. Metali iliyofungama imo ndani ya fuwele na haitoki mpaka fuwele yenyewe ivunjike. Wanakemia hutenganisha makundi haya maabara kwa kuosha sampuli ileile kwa viyeyushi vinavyozidi ukali hatua kwa hatua. Kiswahili huyatenganisha kwa viambishi.

Jozi ya tatu inahusu mwendo wa mashapo yenyewe. Tuama hueleza chembe zinazotulia chini, na tibua hueleza kuzivuruga na kuzirudisha majini. Dhoruba, nyavu za kukokota na mafuriko ya Mto Simiyu hutibua tope la kina kifupi cha ghuba. Tope lililotibuka hukutana tena na oksijeni, na salfidi chache zilizokuwamo huanza kuachia metali zake. Utibuaji, basi, unaweza kusababisha unasuaji. Uhusiano huu wa kisababishi unaelezeka kwa maneno mawili ambayo mvuvi na mchota maji tayari wanayatumia, au wanayaelewa mara moja.

Mizizi hii ina mipaka yake. Kunasa katika lugha ya kawaida kuna sura ya mtego na windo, na kunaweza kuashiria nia, ilhali chembe ya udongo haina nia. Hatari hiyo si kubwa, kwa kuwa vitenzi vya kisayansi vya lugha nyingi vimetokana na sitiari kama hizo, na matumizi thabiti huzizoesha. Kikubwa ni kwamba kila mzizi ushikilie dhana moja: nasa kwa kushikwa juu ya uso, fungama kwa kukaa ndani ya fuwele, fyonza kwa kuingizwa ndani ya kiumbe.

6.0 Udongo kwa Majina ya Kisukuma

Chanzo cha sehemu kubwa ya mashapo ya Simiyu ni udongo ambao wakulima wake wameuainisha kwa kina. Katika Kisukuma, isanga ni mchanga wa karibu na vilima vya mawe, luseni ni udongo mwepesi wenye kichanga, ibambasi ni udongo mgumu usiopitisha maji vizuri, na mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Majina haya hufuatana kwa kushuka mteremko. Mpangilio wa aina hiyo ndio Geoffrey Milne, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, aliuingiza katika sayansi ya udongo ya dunia mwaka 1935 kwa dhana ya mnyororo wa udongo wa mteremko.

Kwa kemia ya elementi haba, uainishaji huu una taarifa ya moja kwa moja. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na kwa uzito uleule zina eneo la uso kubwa mara nyingi kuliko mchanga. Mbuga, kwa hiyo, hunasa metali nyingi kuliko isanga. Pia ni chembe hizo laini zinazosafiri mbali zaidi mto unapofurika, na kutuama mahali penye maji tulivu ya ghuba. Ripoti inayosema kwamba kadimi kutoka katika mbolea ya fosfeti inashikiliwa zaidi katika udongo wa mbuga kuliko wa luseni itaeleweka kwa mkulima wa pamba kwa namna ambayo ripoti yenye asilimia za ukubwa wa chembe pekee haitafikia. Neno mbuga lina tahadhari yake: katika Kiswahili sanifu ni nyika au hifadhi ya wanyama. Inafaa kusemwa udongo wa mbuga, si mbuga pekee.

7.0 Athari kwa Mawasiliano ya Umma

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua ushiriki wa wananchi katika maamuzi kuhusu mazingira yao, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Mgodi wa nikeli ukipendekezwa kilimani, au ubora wa maji ya bomba ukihojiwa, maneno ya ripoti yanaweza kuwa ushahidi. Maoni ya mtu aliyeelezwa kwamba kuna madini hayana uzito sawa na ya mtu aliyeelezwa ni metali ipi, kwa umbo lipi na katika hali ipi.

Hapahitajiki kuliondoa neno madini wala kulipiga vita jina madini joto, ambalo limekwisha kufanya kazi njema ya afya. Kinachohitajika ni utaratibu wa uandishi: jina la elementi, umbo lake, kisha kitenzi cha hali yake. Sentensi kama hii ni mfano: Kromi ya kilimani imefungama ndani ya kromaiti na hainasuki kwa urahisi, zebaki iliyonaswa na tope laini la ghuba huweza kugeuka methilizebaki pale oksijeni inapokwisha. Haina neno geni zaidi ya majina matatu ya kemia, na inabeba tofauti zote tatu zilizojadiliwa katika sehemu ya 4.0.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba elementi haba za mashapo huongozwa na kanuni zilezile katika bahari kuu, katika miamba iliyooza ya Dutwa na katika Ghuba ya Speke, lakini matokeo hutofautiana kulingana na oksijeni, salfeti na umbo la metali. Tofauti hizo ni za hali na matukio, na neno madini halizibebi. Vitenzi nasa, nasua, nasuka, fungama, tuama na tibua vinazibeba. Inapendekezwa kwamba mabaraza na taasisi za istilahi ziingize familia za vitenzi, pamoja na minyambuliko yake, katika kamusi za kemia na jiolojia badala ya kuorodhesha nomino pekee. Kwamba tahajia za majina ya metali zilinganishwe. Na kwamba majina ya udongo ya lugha za maeneo husika yatumike sambamba na istilahi sanifu. Utafiti wa baadaye unaweza kupima, miongoni mwa wanafunzi na wakulima wa Simiyu, ni kwa kiasi gani istilahi za kitenzi hueleweka kuliko zile za nomino.